Kuihamisha Kura Nyumbani: Tathmini ya Uandikishaji na Upigaji Kura Wadini

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mpiga kura wa mahali nisipoishi. Nilijiandikisha Nairobi mwishoni mwa mwaka 2012, wakati mashine za kuchukua alama za vidole zilipotumika nchini kote kwa mara ya kwanza, na jina langu likabaki huko hata baada ya mimi kurejea kwetu kaunti ya Kilifi, ambako nalima na ndiko wanangu wanakosoma. Mwaka 2017 nilipanda basi usiku kucha, safari ya zaidi ya kilomita 500, nikamchagua mwakilishi wadi ambaye hata angekuwa mwema kiasi gani asingeweza kunichongea barabara, kwa kuwa barabara yangu haimo katika wadi yake. Nilirudi nimechoka na nikaapa kwamba uchaguzi utakaofuata utanikuta nyumbani.

Naieleza hali hiyo ili msomaji ajue kwa nini tathmini hii inaanzia kwenye meza ya uandikishaji. Wengi huipima huduma ya uchaguzi kwa foleni na matokeo ya siku ya kura, ilhali kura ya wadi huamuliwa ubora wake mapema zaidi, siku mtu anapotaja kituo anachotaka kuandikishwa. Kenya ina wadi 1,450, na 35 kati yake zimo Kilifi. Mwakilishi wa kila wadi huketi katika bunge la kaunti, ambako bajeti ya zahanati, maji, masoko, madarasa ya chekechea na barabara za vijijini hupitishwa. Anayejiandikisha mjini alikopanga chumba kwa miezi michache, kisha akarudi kijijini, huwa amewaachia wengine uamuzi wa kisima chake, naye anawaamulia watu asiowajua kisima chao.

Uhamisho wangu niliufanya Oktoba 2021, katika zoezi la uandikishaji wa watu wengi, mashine zilipokuwa zikizunguka wadini. Sheria inataka ombi la kuhama lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, lakini ushauri wangu ni kwamba mtu asingoje siku hizo zikaribie. Nilichotakiwa kuwa nacho ni kitambulisho cha taifa chenyewe. Pasipoti nayo hukubaliwa, ila kile kikaratasi cha kusubiri kitambulisho hakikubaliwi, na kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu alirudishwa kwa sababu hiyo. Karani alijaza fomu kwa mkono, akaniuliza mara mbili jina la kituo ninachokitaka, kisha akahamia kwenye kompyuta iliyokuwa wazi ndani ya sanduku lake. Vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, gumba mbili, picha moja. Kazi yote haikuzidi dakika kumi, na nikapewa kipande cha karatasi cha kuthibitisha kwamba nimehudumiwa.

Swali lile alilolirudia karani kuhusu kituo ndilo lililonifurahisha zaidi. Watu hulijibu haraka haraka, wakitaja shule yoyote iliyo karibu, bila kujua kwamba shule mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara zaweza kuwa katika wadi mbili tofauti. Kwetu mpaka wa wadi unafuata njia ya gari, na nyumba ya ndugu yangu, ambayo naiona nikiwa kibarazani, iko upande wa pili. Yeye na mimi hatumchagui mwakilishi mmoja.

Kasoro ya sehemu hii ya huduma, kwa maoni yangu, ni umbali. Zoezi la watu wengi likishapita, uandikishaji wa kila siku hurudi kwenye ofisi za maeneo bunge na vituo vya Huduma Centre, vile vya kutolea huduma za serikali, na kwa mkazi wa bara ya Ganze au Magarini hilo lina maana ya nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi iliyopotea. Aliye mjini hupita tu akitoka dukani. Sidhani kwamba ni haki gharama ya kuingia katika sajili iwe kubwa zaidi kwa yule ambaye tayari huduma nyingine ziko mbali naye. Mashine zile hubebeka ndani ya sanduku, kwa hiyo zingeweza kufika sokoni siku ya gulio, hata mara moja kwa mwezi, ambako watu huwa wamekwisha kukusanyika. Kwa uandikishaji natoa nyota tatu kati ya tano, na zile mbili nilizozizuia zote ni za umbali.

Kabla ya uchaguzi nilituma ujumbe wa simu wenye nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, nikajibiwa kwa jina la kaunti, eneo bunge, wadi na kituo. Asiyefanya hivyo hugundua makosa akiwa mlangoni, wakati hakuna awezaye kumsaidia tena.

Siku yenyewe, tarehe 9 Agosti 2022, niliondoka na mama yangu alfajiri kwa kuwa vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye ndani ya foleni saa hiyo ikigonga bado ana haki ya kupiga kura. Kituo kilipangwa kisizidi wapiga kura 700, na penye wengi zaidi watu hugawanywa katika vyumba kwa herufi za majina. Mgawanyo huo una mantiki, lakini ulituchanganya sana: mama alikuwa chumba kimoja na mimi kingine, nami nilikaa karibu saa nzima katika mstari usio wangu kabla ya kuisoma orodha iliyobandikwa ukutani, mbali na lango. Karatasi moja kubwa yenye herufi, ikibandikwa pale watu wanapoingilia, ingewaokolea wazee muda mwingi wa kusimama. Niliruhusiwa kumsindikiza mama hadi chumba chake, na hapo ndipo nilipoiona huduma hii kwa karibu.

Mama yangu amebangua korosho tangu ujana wake. Wanaoijua kazi hiyo wanajua mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vidole vyake ni laini kama kioo, havina hata mstari. Karani alimwambia, "Mama, nipe mkono wa kulia," akaweka kidole cha shahada, kifaa cha kusoma alama za vidole kikakataa. Akampa kitambaa ajifute, akajaribu gumba, kikakataa tena. Nilianza kuwa na wasiwasi, kwani nyuma yetu watu walikuwa wameanza kunong'ona. Karani hakupandisha sauti wala hakumharakisha. Alimwomba kitambulisho, akaiandika nambari yake ndani ya kifaa, na picha ya mama ikatokea kwenye kioo, akiwa na leso ileile ya kijani aliyojifunga siku aliyojiandikisha. Maajenti wa vyama waliitwa kuitazama picha na uso, fomu maalumu ikajazwa na kutiwa sahihi, kisha mama akakabidhiwa karatasi zake sita.

Rangi za karatasi hizo zinastahili sifa: nyeupe ya rais, bluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake na ile ya rangi ya mchanga ya mwakilishi wadi, nayo masanduku yana vifuniko vya rangi zilezile. Mama hasomi sana, lakini hakukosea sanduku hata moja. Kwa wasioweza kabisa kujiwekea alama, sheria huruhusu msaidizi waliyemchagua wenyewe, naye huapishwa kutunza siri. Mama alinikataza. Alisema kura yake ni yake, akaingia nyuma ya kijumba peke yake, akakaa humo muda mrefu kuliko wote waliokuwa chumbani, akatoka na kidole kidogo kikiwa tayari kupakwa wino.

Tangu Septemba 2025, uandikishaji ulipofunguliwa tena, mashine huchukua pia picha za mboni za macho za wanaojiandikisha, na hilo ni jambo ambalo wabangua korosho, wachonga mawe na wavuvi wa nyavu walilihitaji tangu mwanzo. Ningependa wazee waliomo katika sajili ya zamani, ambao vidole vyao vimefutwa na kazi, wawe wa kwanza kutafutwa kwa ajili ya kipimo hicho, hata kwa kufuatwa majumbani. Fomu ya ajenti na picha ilimsaidia mama yangu, lakini ilimfanya atazamwe na chumba kizima.

Kwa siku ya kura natoa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama matokeo ya wadi yangetunzwa wazi kama yalivyotunzwa ya urais. Kura huhesabiwa palepale kituoni, na mwaka 2022 fomu za urais kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao, kila mwananchi akawa anajumlisha mwenyewe. Kura ya wadi nayo ina fomu yake, 36A, inayotiwa sahihi na maajenti na kubandikwa mlangoni pa kituo, lakini anayetaka kuijua inampasa afike mlangoni hapo kwa miguu. Mimi nilifika asubuhi iliyofuata, saa moja hivi. Karatasi ilikuwa imelowa umande pembeni na gundi imeanza kuachia. Majirani watatu walikuwa wamenitangulia, mmoja akisoma tarakimu kwa sauti, wa pili akiziandika kwenye kiganja, wa tatu akiipiga picha kwa simu. Nilizinakili kwenye daftari la shule la mwanangu, nikaenda kituo cha pili, na cha tatu, na kufikia adhuhuri nilikuwa na vituo vitano vya wadi yetu kwa mkono wangu.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Kwa aliye mbali na kwao na anayekusudia kuhama kituo, aende na kitambulisho chenyewe, aulize mpaka wa wadi kabla ya kutaja shule, na kama ana mzazi ambaye vidole vyake havisomeki, amsindikize hadi mezani.