Matairi ya Pilot Sport 4 kwenye GT86 yangu, miezi minne ya Tegeta–Posta, Dar

Toyota GT86 yangu ni gari ya spoti, ila si ya wikiendi. Ndiyo ya kazini, ya sokoni, na ndiyo inayompeleka mama kliniki (kushuka anashuka kwa malalamiko). Masika yaliyopita matairi ya nyuma yalikuwa yamebaki vipara. Siku moja Mwenge, barabara imelowa, nikakanyaga mafuta kidogo tu, kitako cha gari kikataka kutangulia mbele. Gari inasukumwa na miguu ya nyuma hii. Nikaanza kutafuta matairi jioni hiyohiyo.

Saizi ya kiwandani ni 215/45R17: upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17. Fundi wangu alinishauri nivae 215/50 ili rimu zipone mashimo. Si wazo baya, ubavu unanenepa kwa kama sentimita moja. Ila kipenyo cha tairi zima kinakua zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo ukisoma 80 kwenye dashibodi, kumbe unakaribia 83. Trafiki mwenye tochi umwelezee hesabu hizo! Nikabaki na saizi ya kiwandani.

Duka la kwanza Kariakoo, muuzaji akaninyooshea vile vinyweleo vya mpira. "Dada, mpya kabisa hii, ona bado ina nywele." Nikainama na mwanga wa simu, nikasugua vumbi ubavuni mpaka tarakimu nne zikatokea: 1418. Wiki ya 14 ya mwaka 2018. Nilipomwonyesha akashusha bei palepale, bila hata kuombwa. Nikaaga.

Duka la pili nikapata Michelin Pilot Sport 4, 91Y, ya mwaka jana. Hiyo Y maana yake tairi linahimili kilomita 300 kwa saa. Mimi asubuhi pale Africana nikifika 30 namshukuru Mungu. Nilichokuwa nalipia ni breki kwenye maji, na hapo sijutii. Wiki iliyopita bajaji ilinikatiza mvua ikinyesha, nikabana breki, gari ikasimama imenyooka. Bei inauma, sifichi. Na ubavu ni mwembamba vilevile, mashimo bado nayakwepa kama mlevi.

Upepo ni PSI 35, mbele na nyuma, matairi yakiwa ya baridi. Kijana wa sheli kila mara anataka kunijazia 40 "yawe magumu, dada", kwa hiyo sasa natembea na geji yangu mwenyewe.