Simu ya kuchezea iliyotaka kuniua kwa presha

Wenye watoto wachanga, hii simu ya plastiki inayoimba msiinunue. Mwezi na kitu umepita na hasira haijanitoka.

Niliinunua duka moja Kariakoo, mwanangu akielekea miezi 8. Umri huo mtoto anataka kitu cha kushika, kuhamisha mkono huu kwenda ule, kugongagonga, na zaidi ya yote kutia mdomoni, maana huko ndiko anakojifunzia. Na siku za mwanzo niliisifu kwa kila mtu. Alishajua kwamba akibonyeza inaimba, akawa anabonyeza, ananitazama, anacheka mpaka anaangukia ubavu. Nikiisogeza mbali, anajivuta kwa tumbo mpaka aifikie.

Jioni moja naosha vyombo, simu ikanyamaza katikati ya wimbo. Nageuka, kifuniko cha nyuma kiko mkekani. Hakikuwa na skrubu, kilishikwa na kijino cha plastiki tu. Betri zilikuwa tatu, zile bapa za duara kama za saa. Mbili nikaziona. Ya tatu niliitoa ndani ya ngumi yake, imelowa mate.

Betri ile ikikwama kooni, saa 2 tu zinatosha kuunguza koo la mtoto, hata kama haijavuja. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikiliza anavyopumua.

Kesho yake nikairudisha, mtoto mgongoni. Muuzaji hata hakuishika. "Dada, si ungekuwa unamwangalia mtoto wako?" Mbele za watu! Pole hakutoa. Nikaomba tufungue nyingine za aina ile. Tatu tulizofungua, hakuna hata moja yenye skrubu. Akazirudisha kwenye rafu palepale, namwona. Hilo limeniuma kuliko maneno yake.

Sasa hivi mwanangu anachezea mwiko, kisufuria na vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Naufunika mwiko kwa khanga, anaifunua, akiukuta anapiga kelele za furaha zilezile za simu.

Nilitaka kuandika kwamba ukiitoa betri inafaa, kwa sababu ipo juu ya kabati na akiiona bado anainyooshea mkono. Hapana. Leo naivunjavunja kabla ya kuitupa, asije akaiokota mtoto wa mwenzangu jalalani.