Tathmini ya systemd: hali za kuwaka na kufanya kazi katika Linux

Tangu ilipotolewa mwaka 2010, systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, imechukua nafasi ya ngazi za uendeshaji (hali za mfumo zilizopewa namba) za System V, mpangilio wa zamani wa kuwasha mfumo, katika matoleo mengi ya Linux, na kwa maoni yangu imestahili. Ngazi zile zilianzia 0, ya kuzima, hadi 6, ya kuwasha upya, lakini maana ya zile za katikati ilitofautiana baina ya matoleo. Katika systemd, hali hizo huitwa kwa majina badala ya namba, na majina kama multi-user.target (watumiaji wengi) na graphical.target (skrini ya picha) yanajieleza yenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni kutenganishwa kwa hali mbili za ukarabati: rescue.target hupachika (huunganisha ili itumike) mifumo ya faili na kuanzisha huduma za msingi, ilhali emergency.target humpa msimamizi uwanja wa amri huku mfumo mkuu wa faili kwa kawaida ukiwa wa kusomwa tu, jambo linalofaa sana pale mstari wenye kosa katika /etc/fstab, faili inayoorodhesha mifumo ya faili ya kupachikwa, unapozuia mashine kuwaka. Kasoro yake, nayo si ndogo, ni kwamba hali zote mbili hudai nywila ya root, akaunti ya msimamizi mkuu, hivyo akaunti hiyo ikiwa imefungwa, mlango wa uokoaji hufungwa pia. Aidha, amri ya systemctl isolate, inayohamisha mfumo kwenda hali nyingine, husimamisha huduma zisizohitajika katika hali mpya bila kuuliza.