Dhamana ya mpwa wangu na benki iliyoituma pungufu

Niwatendee haki kwanza: fedha zilifika. Benki hii, ambayo tawi lake nililotumia liko maeneo ya Posta, ina huduma ya kutuma fedha nje inayofanya kazi, na kama ningelipia ada ya chuo pengine leo ningekuwa naisifu.

Nilikuwa natuma dhamana. Mpwa wangu alikwenda Marekani kwa viza ya masomo, akaacha chuo, akakamatwa na maofisa wa uhamiaji na kuwekwa kizuizini Texas. Jaji wa uhamiaji alikubali atoke kwa dhamana ya dola 6,000. Kwa sheria yao haiwezi kushuka chini ya dola 1,500. Huku kwetu mdhamini huja na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, akasaini bondi, mara nyingi yakaisha. Kule fedha hulipwa zote kabla mtu hajatoka, na mlipaji lazima awe mwenye ukaazi halali nchini humo. Ndiyo maana tulimtumia binamu yetu aliyeko Houston. Yapo makampuni yanayoweka dhamana kwa niaba ya familia, lakini ada yao hairudi, ilhali ukilipa mwenyewe, shauri likiisha na mtu wako akiwa amehudhuria kila alipoitwa, unarudishiwa fedha zako pamoja na riba.

Kijana wa dirishani alidai ankara. Nilimpa nakala ya amri ya jaji. Aliisoma taratibu, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Mzee, si angerudi tu nyumbani? Nauli ya ndege haifiki hata nusu ya hii." Mwenzake wa dirisha la pili akacheka. Nilimjibu kwamba mashauri ya uhamiaji kule si ya jinai, kwamba kijana wetu ana haki ya kusikilizwa, na kwamba fedha hizo ni michango ya ukoo mzima, wala sikuja kuomba ushauri wa safari. Hakuniangalia tena.

Nadhani ni kwa sababu ya kicheko hicho kwamba hakusikia nilipomwambia, mara mbili, kuwa makato yote yawe juu ya mtumaji. Kwenye fomu kuna visanduku vya kuchagua hilo. Yeye akaweka alama kwenye kile cha kugawana. Benki ya kati, ile inayopitisha fedha kutoka benki moja kwenda nyingine, ikakata chake njiani, na binamu akapokea fedha pungufu kwa takriban dola 25. Ni kiasi kidogo, nakubali, na angeweza kukiongeza bila kuuliza. Lakini yeye, kwa uangalifu wake, alidhani salio linakuja, akatuandikia ujumbe Ijumaa mchana wa kwao, sisi huku tumelala. Nilipoamka na kumjibu, muda wa benki kule ulikuwa umekwisha. Dhamana ya uhamiaji hailipwi nusu, wala fedha haziendi kwa njia ya benki mwisho wa wiki. Mpwa wangu alibaki ndani hadi Jumatatu kwa sababu ya alama moja ya kalamu.

Niliporudi kulalamika, mama mmoja, mkuu wa kitengo, aliniketisha, akaniomba radhi bila kuzungukazunguka na kurejesha makato kwenye akaunti yangu siku hiyo hiyo. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuandika kwamba huduma ni nzuri. Lakini nilipotoka nilimkuta kijana yule yule dirishani, akimhoji dada mmoja kwa sauti ile ile kuhusu mgonjwa wake aliyeko India, na nikabadili mawazo papo hapo. Anayetaka kutuma fedha hapo na aende moja kwa moja ofisi ya ndani, akamuulize yule mama, na fomu aijaze kwa mkono wake mwenyewe.