Jina liandikwe au lifichwe?

Katika utafiti shirikishi wanajamii si watoa majibu tu: wanachagua swali, wanakusanya data, wanachambua, kisha wanadai mabadiliko. Hapo ndipo suala la majina linapozuka: ripoti iwataje au iwafiche?

Kuficha majina ndiyo desturi ya kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti, na Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Kwa wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kinga hii ina uzito. Mama anayesimulia jinsi mgao wa chakula unavyopindishwa atakutana kesho na anayeugawa. Lakini kinga yenyewe inavuja. Kila mtaa una majirani, na "fundi cherehani, mama wa watoto sita" hujulikana hata bila jina. Picha walizopiga wanajamii wenyewe ndizo mbaya zaidi, maana huonyesha nyuso na nyumba.

Kuandika majina humpa mwenye kazi haki yake. Mhadhiri wa Kampala hupandishwa cheo kwa makala. Kijana aliyepita nyumba kwa nyumba na kutafsiri mahojiano yote huitwa "msaidizi", akapewa soda. Kwangu huo ni wizi wenye adabu. Hatari ya kuandika majina: makala ikishachapwa, jina halifutiki.

Mimi naelemea kuwataja waliofanya utafiti na kuwaficha waliosimulia madhila. Ila wengi ni wote wawili, basi waulizwe mara mbili: mwanzoni, na tena rasimu ikiwa tayari, kwa Kiswahili, pasipo kiongozi wa mtaa kusimama karibu.