Mlima Meru au Mlima Kenya: Upi Uchaguliwe?

Kwa msafiri mwenye siku chache, ambaye bado hajazoea hewa nyepesi ya juu, napendekeza Mlima Meru bila kusita. Njia yake huanzia lango la Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kupitia vituo vya Miriakamba na Saddle, ambako wapandaji hulala vitandani ndani ya mabanda. Kwa kuwa nyati huzunguka katika misitu ya chini, askari wa wanyamapori mwenye bunduki huambatana na kila kundi, na hivyo siku ya kwanza huwa pia matembezi ya kutazama wanyama. Ugumu uko katika usiku wa kuelekea kilele, chenye mita zipatazo 4,560: ukingo wa kreta ni mwembamba, na anayeogopa kimo afikiri vizuri kabla ya kulipa.

Mlima Kenya unadai zaidi. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion ni vya wakwea miamba wenye kamba, hivyo wengi huishia Lenana, mita 4,985. Hata hivyo, mwenye muda wa kutosha na hema zuri apande kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa Chogoria, akipita juu ya Ziwa Michaelson lililozungukwa na magenge marefu. Kwa uzuri wa mandhari, naiona njia hii kuwa bora kuliko ya Meru. Kote kuwili, masika yaepukwe.