Kilimanjaro au Kagera: ununue buni zipi?

Kahawa ya Kilimanjaro ni ya aina ya arabika. Kule Marangu na Machame hukua chini ya migomba. Tunda jekundu huchumwa na kumenywa siku hiyo hiyo, kisha buni huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Ndiyo maana kikombe chake ni chepesi, chenye uchachu mtamu unaopotea ukitia maziwa.

Ya Kagera nyingi ni ya aina ya robusta, huanikwa na ganda lake. Nzito, chungu, kafeini karibu maradufu. Wahaya huchemsha matunda yake, huyakausha, na mgeni hukaribishwa kwa kutafuna.

Kahawa tupu ya asubuhi? Kilimanjaro, bila kusita. Ya maziwa, au chungu ya kunywa na kashata, chukua Kagera, mradi imeanikwa juu ya chanja. Iliyoanikwa chini hunuka udongo hata baada ya kukaangwa.